Gari Lililopakwa Buluu

Sindano alipokea kikombe cha chai, akashukuru, kisha akaanza kumchunguza mwenye nyumba shingo. Wapelelezi wengi huangalia macho. Yeye aliyaacha macho yajifarague yatakavyo, maana macho ya mtu mzima yameshahitimu shule ya uongo. Shingo ndiyo haijawahi kuandikishwa.

Shingo ya leo ilifungwa tai mpya. Mwenyewe aliitwa Mtoto wa Kinu, ingawa kichwa kilikuwa kimejaa mvi na wajukuu wake wangetosha timu ya mpira na wa akiba juu. Baba yake alikuwa na mashine ya kwanza ya kusaga nafaka mjini, na mtoto wa mtu mkubwa hubaki mtoto mpaka siku anapozikwa.

"Kwa hiyo marehemu baba alikusimulia," Sindano alisema.

"Kwa kinywa chake mwenyewe."

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Baba hakuwa akisimulia kwa mwaka, dada. Alikuwa akisimulia kwa shibe. Akishiba, anasimulia."

Mezani kati yao kulikuwa na picha kubwa ya zamani, iliyotolewa ukutani kwenye duka la viatu wakati wajukuu wa mwenye duka walipokuwa wakibomoa ili wajenge ghorofa. Ilipigwa siku duka lilipofunguliwa. Umati umejaa barabarani, bango jekundu limening'inia, na mzee mwenye kofia ameshika mkasi mbele ya utepe. Pembeni kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na gari la buluu lililoonekana kwa ubavu na kwa nyuma. Pua yake ilimezwa na umati. Namba yake ilizibwa na gurudumu la baiskeli ya mtu asiye na habari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mwanamke kijana mwenye gauni la buluu ameshaingiza mguu mmoja, kifuani amekumbatia mtoto ambaye shingo imemlegea.

Mtoto yule sasa ni mkunga, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye aliyemtafuta Sindano. Mwanamke mwenye gauni ni mama yake, ambaye watu wote humwita Bibi. Bibi bado yupo, lakini moyo wake, daktari alisema, sasa unafanya kazi kwa hisani tu, si kwa mkataba. Siku ile magari mengi yalimpita akipiga mayowe barabarani. Moja tu lilimfikisha hospitali. Aliruka nje na mwanawe mikononi bila kumtazama dereva, kwa sababu macho yake yote alikuwa nayo mtoto, na alipokumbuka kugeuka, gari halipo.

"Nina asante ya mtu mdomoni tangu ujana wangu," Bibi alimwambia Sindano siku ya kwanza. "Siwezi kwenda nayo kaburini. Si yangu, ni ya mwenyewe. Nitafutie mwenyewe nimkabidhi."

Ilionekana kazi nyepesi. Fundi Springi, aliyetengeneza karibu kila gari la zamani mjini, alitupia picha jicho moja tu, akasema hiyo ni Peugeot 404, ile watu waliyoiita Pijo. Pijo ya buluu mjini enzi hizo ilikuwa moja tu, ya mwenye kinu. Mkunga akafurahi, akaalika familia. Kesho saa nne asubuhi Mtoto wa Kinu angekaa kwenye kiti kikubwa sebuleni kwa Mkunga, apokee shukrani kwa niaba ya marehemu. Ndiyo maana ya ile tai. Alikuwa anaifanyia mazoezi.

Lakini Sindano hakupewa jina lile kwa kuwa mwembamba, maana mwembamba hakuwa. Alipewa kwa sababu hupita mara mbili palepale ndipo afunge fundo. Na alikuwa amewaomba Bibi na Mkunga jambo moja tu: wasimwambie mtu yeyote mtoto alipatwa na nini siku ile.

"Baba alisema mtoto alikuwa na nini?" aliuliza, akipuliza chai.

"Alikuwa... amegongwa. Mguu. Damu kila mahali, dada. Kiti cha gari kilikuwa kama bucha."

"Mguu upi?"

"Wa kulia. Au wa kushoto. Inategemea umesimama upande gani."

Shingo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Tai ikaanza kumbana.

"Kaka," Sindano alisema kwa upole, "marehemu alikusimulia kweli?"

Mtoto wa Kinu alitazama mlangoni kama anatafuta shahidi wa kumsaidia. Hakuna aliyeingia.

"Nikuambie ukweli? Tangu habari itoke, watu wananishukuru. Kinyozi amenishukuru. Jirani ambaye hatusemezani amenishukuru, kanishika na mkono. Mwanzoni nilikuwa nasema sijui kitu. Lakini kadiri walivyonishukuru ndivyo nilivyozidi kukumbuka."

"Na damu?"

"Damu nimeikumbuka jana."

Sindano alicheka, naye akacheka, na chai ikawa tamu zaidi. Hakuwa mwongo yule. Alikuwa mtu aliyevishwa koti la mwingine akaona linamkaa. Sindano alimshukuru kwa chai, akamwomba asimwambie mtu, akaondoka na picha kwapani na usiku mmoja tu kati yake na kiti kikubwa cha sebuleni.

Njiani alirudia jambo lililokuwa likimkera kama punje kwenye jino. Bibi alipoonyeshwa picha kwa mara ya kwanza alisema, "Huyu ni mimi, lakini hilo gauni mmenivisha nyie. Langu lilikuwa la manjano." Mkunga akamkonyeza Sindano: mama anasahau siku hizi. Ni kweli Bibi alisahau miwani yake ilipo, tena mara nyingi ilikuwa usoni. Lakini mwanamke hasahau gauni alilovaa siku mwanawe alipotaka kufa.

Basi kama gauni si la buluu, kwa nini gari liwe la buluu?

Picha zenyewe zilitoka nyeusi na nyeupe enzi hizo. Mwenye kujiweza aliongeza kitu kidogo, ikapakwa rangi kwa mkono, mashavu yakawa mekundu na majani ya mti yakawa ya kijani. Rangi haikutoka kwenye kamera. Ilitoka kwenye brashi ya mtu.

Sindano aliingia kwenye duka la fotokopi.

"Nikuzie kona hii," alimwambia msichana wa mashine. "Nyeusi na nyeupe."

"Mama, itapoteza rangi yote."

"Ndiyo ninayotaka ipotee."

Mashine zile za kopi zina udhaifu wake: buluu nyepesi haziioni kabisa. Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto, na Sindano akaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita. Buluu imekwenda zake. Gari lililobaki lilikuwa na rangi mbili: paa na mabawa ya nyuma meupe-meupe, ubavu wa kiza, na mstari wa nikeli ukizigawanya. Na jambo jingine. Kwenye mwili wa gari rangi ilipakwa nyembamba kama chai ya mgeni asiyetakiwa, ikafutika yote. Lakini kwenye dirisha la mbele, pale ambapo dereva angeonekana, palibaki doa jeusi, zito, kama lililokandikwa kwa makusudi.

"Asante, mwanangu," alimwambia yule msichana. "Mashine yako ina akili."

"Inabana karatasi kila siku, mama."

"Hata wenye akili hubana."

Alimkuta Fundi Springi amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Aliisalimia miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Miguu haikusogea. "Shikamoo nzuri kama hiyo ni ya mtu aliyekuja kunitafutia kosa."

"Nimekuja kuuliza tu. Toka uone gari."

Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaishika kopi mbali na uso kama wanavyofanya wasiotaka kununua miwani.

"Morris Oxford," alisema papo hapo. "Tazama mabawa yalivyosimama, kama masikio ya sungura aliyesikia mbwa. Na rangi mbili hizo, na mstari wa nikeli. Hili lilikuwa gari la mtu nadhifu."

"Juzi uliniambia Pijo."

"Juzi ulinionyesha gari jingine."

Sindano aliweka picha yenyewe pembeni ya kopi. Fundi alitazama huku, akatazama kule, akarudi huku. Akakaa juu ya tairi.

"Juzi lilikuwa la buluu!" alilalamika, kwa uchungu kama vile Sindano ndiye aliyelipaka. "Mwenyewe niambie. Mji huu gari la buluu lenye mabawa lilikuwa moja tu. Nimeona buluu, nimeona mabawa, nikaona kinu. Hata umbo silikuangalia. Na haya magari mawili yalichorwa na Wataliano walewale, ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Ukimwona mmoja amevaa shati la mwenzake, unamsalimia kwa jina la mwenzake."

"Asante sana, fundi."

"Unanishukuru kwa kukosea?"

"Nakushukuru kwa kukosea mbele yangu. Wengine hungoja niondoke. Sasa niambie, Morris ya rangi mbili ilikuwa ya nani?"

Fundi hakuhitaji kufikiri. "Kijani na rangi ya maziwa. Ya Mwalimu Mkuu. Mzee mkali yule, Mungu amrehemu, hata pilipili zilimwamkia. Gari aliosha mwenyewe. Mwanawe mwenyewe, yule mpiga picha aliyeipiga hii, hakuruhusiwa hata kuliegemea."

"Siku duka la viatu linafunguliwa, Mwalimu Mkuu alikuwa wapi?"

Fundi alitoa kidole chenye grisi, akakumbuka, akakirudisha, akaonyesha kwa kidevu. "Si huyo hapo, mwenye kofia na mkasi? Ndiye aliyekata utepe."

Sindano aliinama. Mwalimu Mkuu yuko katikati ya picha, kifua mbele, mkasi mkononi, akiitazama kamera. Gari lake liko nyuma ya kisogo chake, linaondoka na mwanamke na mtoto.

"Mwenye gari ana mkasi," alisema polepole. "Mwanawe ana kamera. Gari linaendeshwa na nani? Nani mwingine aliishi nyumba ile?"

"Mkewe alikuwa ameshafariki. Alibaki mkwewe tu, mke wa mpiga picha. Bi Brashi, yule aliyekuwa akizipaka picha rangi." Fundi akacheka. "Lakini huyo toa kabisa. Hakuwa anajua kuendesha."

"Fundi, wewe leo umenifanyia kazi yangu yote," Sindano alisema, akampa mkono bila kujali grisi.

Bi Brashi aliishi chumba cha nyuma cha ile studio ya zamani. Mbele palikuwa sasa ni saluni, na harufu ya nywele zinazokaushwa ilipita chini ya mlango. Mume alikuwa ametangulia. Yeye bado alirekebisha picha za watu: waliochanika aliwaunga, waliofifia aliwapa mashavu. Ukutani maharusi wa zamani walipangwa wakiwa na midomo myekundu na maua ya kila rangi.

"Karibu, mwanangu. Kaa, lakini si hapo, hapo pana gundi. Aliyekaa juzi alirudi nyumbani na kiti."

Sindano alikaa penye usalama, akamwekea picha magotini. Bi Brashi aliitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama picha ya duka la viatu.

"Kazi yangu hii," alisema. "Nzuri, eh? Viatu vyao vilikuwa vibaya lakini."

"Mbona gari ni la buluu?"

"Buluu ndiyo iliyokuwa imebaki. Rangi nyingine zilikwisha, nikasema basi mwaka huu kila kitu kitakuwa mbingu."

"Bango ni jekundu. Majani ni ya kijani."

"Ah. Zilikuwa zimekwisha baadaye."

Sindano alitabasamu. Shingo ya Bi Brashi ilizungushiwa mtandio mara mbili, hairuhusu ukaguzi. Ikabidi atumie njia ya mdomo.

"Na hizi rangi nani alikuwa akikuambia? Mumeo alikuwa akikuelezea nani alivaa nini?"

"Nani, yule?" Bi Brashi alicheka mpaka mabega yakacheza. "Mume wangu alijua mwanga na kivuli tu, mwanangu. Ukimwuliza, bwana, yule bibi harusi gauni la mama yake lilikuwa rangi gani? Anakujibu, 'La kike.' Rangi zote nilibuni mwenyewe humu ndani. Kuna watu mji huu wamezeeka wakiamini walioana na maua ya waridi. Yalikuwa ya karatasi, tena ya kijivu."

"Na huyu mwenye mtoto? Buluu yake ulibuni?"

"Huyo nilimtuliza tu. Gauni la manjano lile lingevuta macho yote upande ule, na mwenye duka alitaka watu watazame viatu."

Upande wa saluni mtu alizima mashine ya kukaushia nywele, kama naye anataka kusikia.

"Bi mkubwa," Sindano alisema, "filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mumeo hajui rangi. Nani alikuambia gauni lilikuwa la manjano?"

Bi Brashi alifungua mdomo. Mzaha ulikuja mpaka kwenye ulimi, ukaona hali si nzuri, ukarudi.

Sindano hakumsukuma. Alichukua pamba mezani, akaichovya kwenye chupa ya tapentaini, akampa. "Dirisha la mbele. Futa mwenyewe, mkono ni wako."

Mkono ule, ambao mpaka leo ungeweza kuchora unyusi wa sisimizi, uliipokea. Pamba ilizunguka mara kadhaa. Buluu ngumu ya miaka ikalainika, ikaja juu kama utando wa maziwa. Chini yake kikatokea mkono wa mwanamke, uliobana usukani, na mtandio wenye madoa.

"Nilidhani watu wote wanatazama mkasi," Bi Brashi alisema. "Nikachukua funguo. Nilikuwa nimemtazama baba mkwe anavyoliendesha, nikaona ni kukanyaga na kuzungusha tu, kama cherehani. Kila akitoka kwa miguu, nilikuwa nikijifunza, mbele kidogo, nyuma kidogo, uani. Siku ile nikasema nitoke na mimi nione mji. Jioni mume wangu anaanika picha, najiona nimening'inia kwenye kamba nachuruzika maji. Yeye hakuona kitu. Lakini picha ile ilikuwa inakwenda kwenye ukuta wa duka, na baba mkwe alinunua viatu pale pale! Ningemwambia nini? Nikalipaka gari. Nikakumbuka Pijo ya mwenye kinu, nikasema, samahani mwenye kinu, nikuazime."

"Mtoto alikuwa na nini?"

"Alikunywa mafuta ya taa. Gari lilinuka, nikalisugua kwa sabuni na ndimu. Baba mkwe akasema mbona gari lake linanukia kama saladi." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Ndipo akamshika Sindano kifundo cha mkono, kwa nguvu za mtu anayezama. "Wewe ni mpelelezi. Wewe unajua. Nimekaa na jambo hili, hakuna wa kumwuliza, ningeulizaje bila kujitaja? Waliposhuka pale hospitali niliondoka mbio, nikawahi kulirudisha gari. Alipona?"

Sindano alikuwa ameuliza maswali maisha yake yote. Aliulizwa mara chache swali ambalo jibu lake lilikuwa zawadi. Akalishika kidogo, alifurahie.

"Sasa ni mkunga. Nusu ya watoto mji huu wamelia mikononi mwake."

"Mkunga yupi? Si yule wa zahanati ya juu, mwenye sauti?"

"Huyohuyo."

"Yule aliyenifukuza mlangoni siku binti yangu anajifungua? 'Bibi, kama huna uchungu, toka!'" Bi Brashi alijifunika uso kwa mtandio, na chini ya mtandio haikujulikana kama analia au anacheka. "Alhamdulillahi. Ana mapafu mazima, basi. Ana mapafu mazima kabisa!"

Kesho yake saa nne sebule ya Mkunga ilikuwa imejaa. Sindano alikuwa amemwahi Mtoto wa Kinu getini, akamnong'oneza. Yule bwana alisikiliza, akalegeza tai, akavuta pumzi ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Kwa hiyo naweza kukaa kama mgeni tu?"

"Kama mgeni tu."

"Dada, asante sana. Nilikuwa nimebakiza kidogo nimkumbuke mpaka daktari."

Bibi alikuwa kwenye kochi, amefunikwa shuka miguuni, pumzi ikimjia kwa mafungu. Kiti kikubwa kilikuwa mbele yake, kitupu. Sindano alimwingiza Bi Brashi kwa mkono, na huyo aliyekuwa na maneno ya kila mtu akasimama katikati ya zulia kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Bibi," Sindano alisema, "gauni lako lilikuwa la manjano. Samahani sote tulikubishia. Na dereva wako ndiye huyu."

Mkunga alishika mdomo. Bibi hakushangaa, alimtazama tu mgeni, kwa makini, kuanzia miguuni, kama mtu anayepokea mzigo aliouagiza zamani na anataka kuhakikisha haukuvunjika njiani.

"Kaa, mdogo wangu," alisema.

"Sikai." Sauti ya Bi Brashi ilikuwa ndogo. "Dada, kabla hujanishukuru, lazima nikuambie, maana nisipokuambia nitakuwa nimekuibia. Mimi sikusimama."

"Hukusimama vipi na nilipanda?"

"Nilikuona unapunga mkono. Niliogopa. Nilikuwa nimeiba gari, nikasema nipite kama wengine. Nikakosea klachi, likazima. Limezima mbele yako. Wewe ukadhani nimekusimamia, ukafungua mlango ukaingia. Mimi nilikuwa napita, dada. Niliyesimama si mimi, ni gari. Hiyo asante yako ukaipeleke kwa chuma."

Mtu mmoja kule nyuma alikohoa. Mtoto wa Kinu, aliyejua uzito wa kupokea kisicho chako, alitazama viatu vyake kwa heshima.

Bibi alisubiri pumzi. Ilipofika akaitumia vizuri.

"Najua lilizima," alisema. "Mimi nilikuwa ndani, wewe. Nilikuwa nakuona unavyohangaika kuliwasha, mikono inakwenda mbio kama unapepeta mtama. Likakataa. Ukajaribu tena, likakataa. Watu wanapiga honi nyuma. Nikasema moyoni, sasa huyu atageuka aniambie, mama, shuka, gari limeharibika, tafuta lingine. Nilikuwa nimeshashika kitasa." Alinyoosha mkono, akaushika ule wa Bi Brashi, akauvuta mpaka mwenye mkono akaketi, si kwenye kiti kikubwa, kando yake kwenye kochi. "Lilikataa na lilikataa, na wewe hukuniambia shuka."

Bi Brashi alitafuta mzaha mdomoni mwake, chini ya ulimi, nyuma ya meno, kote unakokaa, asiuone.

"Asante," Bibi alimwambia.

Mkunga alikuwa amepiga magoti mbele yao wote wawili, analia kwa ile sauti yake, mpaka majirani wakaanza kuchungulia dirishani kuona nani anajifungua. Bi Brashi aliweka mkono wa pili juu ya kichwa chake, akakishika kama kitu chenye thamani ambacho hakuambiwa bei.

"Haya, dada," alisema. "Nimeipokea."